Nyumba Si Shimo: Mjadala wa Kalibu na Kete

Baraza iliyo mkabala na mlango wangu, katika Mji Mkongwe wa Unguja, imezoea kusikia mabishano ya kila namna baada ya sala ya alasiri, tangu bei ya pweza hata tabiri za ndoto, lakini sikumbuki kuwa iliwahi, kabla ya wiki iliyopita, kusikia watu wazima wakishindana kwa hoja juu ya kwamba shimo moja la bao laweza au haliwezi kuhesabiwa kuwa mtoto wa shimo jingine. Sababu ya yote alikuwa binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa elimu ya kompyuta, aliyekuja na kompyuta mpakato kifuani, ametunga kwa lugha ya Python programu ya kucheza bao la Kiswahili, na akataka mzee wetu, ambaye mtaa mzima wamkubali kuwa bingwa wa mchezo huo, aijaribu na kuitoa ila. Wengine waliokuwapo ni maalimu anayefundisha utungaji wa programu chuoni, na kijana mmoja ambaye riziki yake yatokana na kuwaandikia watu programu kwa ujira, naye twamwita Fundi. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa. Waliyoyanena nimeyaandika kwa kadiri nilivyoyahifadhi, nikiyafupisha pale yalipokuwa marefu bila faida.

Msomaji asiyecheza bao na ajue haya machache. Ubao una mashimo 32 katika safu nne za manane manane, na kila mchezaji amiliki safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Kete ni 64, nazo kwa kawaida ni komwe. Mchezo uanzapo, kila mmoja huweka ubaoni kete 10 tu, sita katika shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuliani mwake, na zile 22 zilizosalia hukaa mkononi, zikaingia ubaoni moja baada ya moja katika sehemu ya mchezo iitwayo namua. Zikiisha za mkononi ndipo huja mtaji, sehemu ambamo kete zilizokwisha kuwa ubaoni ndizo zinazotembezwa.

Mzee alicheza kwa muda wa robo saa, akiigusa skrini kwa ncha ya kidole kama mtu apimaye moto wa pasi, kisha akaunyosha mgongo.

MZEE: Mwanangu, kete zako ni 63.

BINTI: Babu, haiwezekani. Kompyuta haikosei kuhesabu.

MZEE: Sijasema imekosea kuhesabu. Nimesema ipo moja imeanguka.

Ikatafutwa, na kweli ilikuwa imeanguka. Mashimo 16 ya kila mchezaji binti alikuwa ameyapanga katika orodha moja, na kompyuta, ambayo huanza hesabu yake kwa 0, iliyajua kuwa ni la 0 hata la 15. Lakini kwa kuwa siku alipoanza kuandika alikuwa bado anahesabu kama binadamu, alikuwa ameifanya orodha yenyewe iwe na nafasi 17, na kifungu kimoja cha programu, badala ya kuirudisha mwanzo kete iliyolipita shimo la 15, kilikuwa kikiitia katika la 16, shimo ambalo haliko katika ubao wala halionekani katika picha. Marekebisho yalikuwa ya herufi chache. Kisha nikamwona anashika kichwa, maana alikuwa na programu ya pili, ya omweso, bao la Waganda, aliyoipata kwa kunakili faili zima la bao letu na kugeuza palipohitaji kugeuzwa, na kosa lile lile lilikuwamo humo, limenakiliwa kwa uaminifu.

MAALIMU: Kosa moja unalitengeneza mara mbili kwa kuwa umelizaa mara mbili. Laiti ungalitangulia kujiuliza ni vitu gani vilivyomo katika mchezo, kabla ya kujiuliza amri zifuatane vipi, ungaliona kuwa vitu vyenyewe ni vichache: shimo, ubao, mchezaji na mkono wake. Kila kimoja kingefanyiwa kalibu yake, kama sonara afanyavyo kalibu ya kikuku. Kalibu ni moja, na vikuku visubiwavyo humo ni vingi upendavyo. Katika kalibu ya shimo waeleza mambo mawili tu, shimo linahifadhi nini, yaani idadi ya kete, na shimo laweza kutendewa nini, yaani kutiwa kete na kutolewa. Ukisha wasubu humo mashimo 32, kila moja na kete zake, wala huruhusu mkono mwingine wowote katika programu kuigusa ile hesabu ya ndani ila kwa kupitia matendo hayo mawili. Shimo lililositiriwa hivyo halipotezi kete, kwa sababu kete haina mlango wa kutokea.

FUNDI: Hiyo ni hotuba ya wiki ya kwanza, Maalimu. Nami niliisikia.

MAALIMU: Uliisikia, nayo ina nasaba. Mwaka 1967, mjini Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliitia fikira hii katika lugha yao iitwayo Simula 67, wala hawakuitia kwa ajili ya urembo. Kazi yao ilikuwa kuigiza kwa hesabu mambo ya duniani yendayo kwa pamoja na kungojana, kama watu katika foleni, na waliona kuwa mambo ya namna hiyo hayaelezeki kwa mlolongo mmoja mrefu wa amri, kwa kuwa katika dunia kila kitu kina hali yake na shughuli yake kwa wakati mmoja. Baadaye, katika miaka ya 1970, Alan Kay na wenziwe katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, waliikuza katika lugha ya Smalltalk, na Kay, aliyekuwa amesoma elimu ya viumbe, alivifikiri vitu hivyo kuwa kama seli za mwili, kila moja ndani ya ukuta wake, zikipelekeana habari bila kuingiliana matumbo. Sasa niambie, mchezo ni nini kama si uigizaji?

FUNDI: Sipingani na Oslo. Napingana na dhana kwamba kabla ya Oslo watu hawakujua kutumia tena kazi waliyokwisha kuifanya. Mwaka 1949 mashine ya EDSAC ilianza kazi Cambridge, na David Wheeler na wenziwe wakajiwekea maktaba ya vifungu vya amri katika kanda za karatasi zilizotobolewa. Aliyetaka kipeuo cha pili hakukitunga upya, alichukua ukanda wake akauunga katika programu yake. Yeye pamoja na Maurice Wilkes na Stanley Gill walilitolea jambo hilo kitabu mwaka 1951. Hapakuwa na kalibu hata moja. Binti huyu angekuwa na kifungu kimoja cha kutembeza kete, kikakaa katika faili lake peke yake na kuitwa na michezo yote miwili, kosa lingetengenezwa mara moja. Na ile kete iliyopotea ingepatikana siku ya kwanza kwa mistari miwili ya kodi mwishoni mwa kila zamu: jumlisha mashimo yote na mikono yote, na jumla isipokuwa 64, simama upige kelele.

(Vijana hulisema hilo neno kodi kwa maana ya maandishi ya programu, na Mzee, mwenye vyumba viwili vya kupangisha, huinua kichwa kila linapotajwa. Vitabu husema msimbo.)

BINTI: Mistari miwili ya Fundi ingeniambia kuwa kete imepotea. Ingeniambia imepotelea wapi?

FUNDI: Ingekuambia katika zamu gani.

MAALIMU: Nami ningemzuia isipotee. Baina ya mlinzi wa lango na mpiga mbiu wa baada ya wizi, mimi namchagua mlinzi.

Hapo palikuwa na kicheko, na Maalimu, ambaye kwa tabia ni mtu wa kupenda ushindi wake uwe kamili, akafanya jambo ambalo nadhani baadaye alilijutia: alilitaka bao lenyewe litoe ushahidi. Akasema kuwa uzuri mkubwa wa kalibu ni mirathi, yaani kalibu mpya kurithi sifa zote za kalibu iliyotangulia na kuongeza za kwake, na kwamba katika michezo yote aliyopata kuifundisha hajaona mfano uliojileta wenyewe kama nyumba ya bao.

MAALIMU: Nyumba ni shimo. Hutiwa kete, hutolewa kete, hukaa katika safu ya mbele kama wenziwe. Lakini ina tabia yake: katika namua, mchezaji anayekula, yaani anayetwaa kete za mpinzani, kete yake ya mwisho ikiangukia nyumba yake mwenyewe na hapana cha kula mbele yake, hiari ni yake, asimame hapo au aichukue nyumba nzima aende nayo safari. Shimo jingine halimpi hiari hiyo. Basi waandika kalibu ya Nyumba inayorithi kalibu ya Shimo, waigeuza tabia hiyo moja, na zilizobaki zote zimekuja bure. Ubao hauulizi kama huyu ni shimo au nyumba. Waliambia pokea kete ya mwisho, nalo lajibu kwa tabia yake.

Maneno hayo yalikuwa fasaha, nami kwa haki ya Mungu niliridhika nayo. Mzee alikuwa anaokota komwe zilizomwagika mkekani.

MZEE: Na nyumba ikishasafiri?

MAALIMU: Ikishasafiri, kete zake zimegawanyika, Mzee wangu.

MZEE: Hilo nalijua. Nauliza hiyo nyumba, inakuwa nini?

Kimya. Kila mtu barazani alilijua jibu, na kila mtu aliona wakati uleule jibu hilo lina kazi gani katika shauri lililo mbele yetu. Nyumba ikisha kuvunjwa si nyumba tena. Hata zikaja zikajikusanya humo kete 20, ni shimo kama mashimo, na mwenyewe hana hiari juu yake.

FUNDI: Ahsante, Mzee. Maalimu, kitu kilichosubiwa katika kalibu ya Nyumba, katikati ya mchezo kitahama vipi kiwe kimesubiwa katika kalibu ya Shimo? Kikuku hakirudi tanuuni kingali mkononi mwa mtu.

MAALIMU: Waking'oa, waweka shimo jipya mahali pake, na kete zilezile.

FUNDI: Na ubao umeshika kile cha zamani, na kifungu cha kuchora picha kimeshika kile cha zamani, na ile orodha ya mashimo yanayoweza kula imeshika kile cha zamani. Utawajulisha wote? Ukimsahau mmoja, mchezaji ataona nyumba imekufa katika picha nayo yaishi katika hesabu. Kosa la namna hiyo hulitafuti kwa jioni moja. Mimi limewahi kunichukua siku nne, katika mchezo wa watoto wa kupasua mapovu, na aliyenilipa hakunilipa hizo siku nne.

BINTI: Mimi niliandika tu alama katika ubao, nyumba ya huyu ni hai au si hai. Ikivunjwa, nageuza alama.

FUNDI: Nawe ulifanya vizuri kuliko sisi wawili.

Maalimu hakuwa mtu wa kung'ang'ania, na hii ndiyo sifa yake ninayoipenda. Alinyamaza kidogo, akapapasa ndevu, kisha akasema kuwa kosa lake halikuwa katika vitu bali katika kutumia neno ni pale palipostahili neno ina. Hatupaswi kusema nyumba ni shimo la namna nyingine. Tuseme kila shimo lina kaida linayoifuata kete ya mwisho inapoliangukia, na kaida hiyo yenyewe ni kitu, kinachoweza kuvuliwa na kuvikwa kingine. Shimo libaki lilelile tangu mwanzo wa mchezo hata mwisho, na siku nyumba inapovunjwa, livuliwe kaida ya nyumba livikwe kaida ya kawaida, na yeyote aliyelishika hana haja ya kuarifiwa. Akaongeza kuwa hilo si jipya, kwamba mwaka 1994 Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides walitoa kitabu juu ya mitindo ya kupanga vitu, na miongoni mwa nasaha zao kubwa ilikuwa kutanguliza kuviunganisha vitu kabla ya kurithisha kalibu. Akakiri kuwa yeye hulifundisha hilo katika wiki ya kumi, wakati ambapo nusu ya darasa imekwisha kurithisha kila kitu kwa kila kitu.

BINTI: Maalimu, niseme?

MAALIMU: Sema, mwanangu.

BINTI: Wiki ya kwanza tulifundishwa kalibu ya Mnyama. Mbwa anarithi Mnyama, paka anarithi Mnyama, mbwa akiambiwa toa sauti anabweka, paka analia. Niliihifadhi, nikaandika katika mtihani, nikapata alama nzuri, wala sikujua hata siku moja ni taabu gani inayoondolewa na hao mbwa na paka, maana sikuwa nimepata taabu yoyote. Leo nilipokumbuka lile faili la omweso, ndipo nilipoijua. Kama ningeambiwa leo habari ya kalibu kwa mara ya kwanza, ningeishika kwa mikono miwili.

Sijui msomaji ataona vipi, lakini kwangu mimi binti huyu alisema kwa maneno machache jambo ambalo wale wawili walikuwa wakilizunguka tangu alasiri. Aghalabu sisi tufundishao, na nimefundisha hesabu kwa miaka mingi mimi mwenyewe, huwapa watu dawa kabla hawajaugua, kisha hushangaa kuwa hawaijui ladha yake wala kipimo chake. Maalimu alijitetea, na utetezi wake ulikuwa na insafu: alisema kuwa ana muhula mmoja na darasa lililojaa hata madirishani, kwamba mazoea mabaya ya kunakili yakisha kuota mizizi hung'oka kwa shida, na kwamba si kila mwanafunzi ataandika michezo miwili ya bao kwa hiari yake ili apate kuumia. Yote ni kweli. Walakini hayamtoi mbwa wake katika lawama.

MAALIMU: Lakini msiuzike mfano wa tabia kwa kuwa mmeushinda mfano wa nyumba. Tazameni Pac-Man, mchezo alioubuni Toru Iwatani kwa kampuni ya Namco, Japani, mwaka 1980. Mna mazimwi wanne wanaomwandama mchezaji. Mwekundu hulenga pale alipo. Wa waridi hulenga hatua nne mbele ya uso wake, ili amkate njia. Wa buluu hupima mahali pake kwa kumtazama mchezaji na zimwi jekundu kwa pamoja. Na wa rangi ya chungwa humfuata akiwa mbali, na akimkaribia hatua nane hugeuka kwenda kwenye pembe yake, kama mdai aliyefika mlangoni akaona haya. Wanne hawa wana miguu ileile, mbio karibu zilezile, picha moja iliyobadilishwa rangi. Kinachowatenga ni jibu la swali moja tu: unalenga wapi? Andika kalibu moja ya zimwi, uivike kaida nne za kulenga, na ukitaka zimwi la tano wiki ijayo, waandika kaida moja tu, wala huugusi mwendo, wala huigusi picha, wala huwagusi wale wanne.

FUNDI: Nakubali kila neno, ila naongeza kuwa waliouandika mchezo huo hawakuwa na kalibu hata moja. Waliuandika kwa amri za mashine yenyewe, kwa ajili ya prosesa ya Z80, na mazimwi yakalenga vizuri dunia nzima ikayakimbia. Vitu vilikuwa katika akili zao, havikuwa katika lugha.

MAALIMU: Basi umekubali kuwa vilikuwapo.

FUNDI: Nimekubali kuwa vilikuwapo baada ya kuujua mchezo. Mimi sitaki vitangulie.

MZEE: Mimi niulize la kijinga. Programu ya mchezo ikikosea, hupungua kete moja. Hasara iko wapi hata mkaumizana hivi?

FUNDI: Hasara ya mchezo ni ndogo, Mzee, lakini mazoea ni yaleyale mtu ayachukuayo kazini. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya kwanza ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, katika Guyana ya Wafaransa, na baada ya sekunde kama 40 ikapinda, ikavunjika, ikajilipua. Sehemu ya programu ya kuijua njia yake ilikuwa imetolewa katika roketi iliyotangulia, Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila ya lawama. Kwa hiyo iliaminiwa. Lakini roketi mpya ilikuwa na mwendo mkali zaidi wa kwenda ubavuni, na namba ya mwendo huo ilipotiwa katika nafasi isiyoweza kushika zaidi ya 32,767, haikuenea, na mashine ikazima ikidhani imeharibika. Na ajabu yenyewe ni kwamba hesabu ile, roketi ikisha kupaa, haikuwa na kazi yoyote katika Ariane 5. Ilikuwa imeachwa tu kwa kuwa ilikuwamo katika ile ya zamani.

MZEE: Kama kuvaa kanzu ya marehemu bila kutia mkono mifukoni.

FUNDI: Hivyo hasa. Mtu akiniambia kifungu hiki chaweza kutumiwa tena, humwuliza kilitumiwa wapi kwanza, na kilikuwa kinaamini nini kuhusu mahali pale.

Nalo hilo swali ndilo lililourudisha mjadala kwenye omweso, ambako kwa maoni yangu ungalipaswa kukaa tangu mwanzo, kwa kuwa omweso na bao vimefanana vya kutosha kumdanganya mtu. Ubao ni wa mashimo 32 huku na huku, kete ni 64 huku na huku, na katika michezo yote miwili kete ya mwisho ikiangukia penye kete wenziwe mchezo huendelea. Asiyechungua atasema: omweso ni bao lililopunguzwa, na autungie kalibu inayorithi ya bao. Mzee, aliyewahi kukaa Kampala ujanani mwake, alizihesabu tofauti kwa vidole: omweso hauna nyumba, katika bao huliwa shimo la mbele tu la mpinzani, na katika omweso huliwa yote mawili, la mbele na la nyuma yake, nayo sharti yote mawili yawe na kete, na kete zilizoliwa, ambazo sisi huanza kuzitembeza kutoka kichwani, yaani shimo la mwisho la safu, wao huzianzisha pale ulipoanzia ule mzunguko uliozileta. Kwa hiyo omweso ukiirithi kalibu ya bao, utarithi nyumba usiyoihitaji, na namua, na vichwa, kisha mwandishi atatumia siku zake kuvikana vitu alivyorithi, kama mtu aliyeachiwa shamba lenye madeni.

BINTI: Na bao nalo haliwezi kuurithi omweso.

FUNDI: Haliwezi. Hakuna aliyemzaa mwenziwe.

BINTI: Basi cha pamoja ni ubao na kutembeza. Kula si kwa pamoja. Mahali pa kuanzia si pa pamoja.

MAALIMU: Endelea.

BINTI: Ubao uwe kitu kimoja, kisichojua mchezo gani unachezwa juu yake, ujue mashimo yake, ujue kuipitisha kete kutoka shimo hili hata linalofuata, na ujue kuwa jumla lazima iwe 64. Hapo namtia Fundi na mistari yake miwili, ndani ya ubao wa Maalimu. Kisha kila mchezo uwe na kitu cha pili, sijui nikiite nini.

MZEE: Kiite Mwamuzi.

BINTI: Mwamuzi wa bao na Mwamuzi wa omweso. Kete ya mwisho ikianguka, ubao hauamui kitu. Humwuliza Mwamuzi wake: ale, alale, au aendelee?

Wale wawili walitazamana, na nikaona hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumsifu. Neno Mwamuzi halikutoka katika kitabu chochote cha kompyuta. Limetoka katika mdomo wa mtu ambaye, mashindano ya bao yalipokuwa yakifanywa mtaani, yeye ndiye aliyekuwa akikaa pembeni kukata shauri. Nami naamini, ingawa sina burhani zaidi ya jioni ile, kuwa kazi kubwa katika elimu hii ni kutafuta majina, na kwamba kalibu iliyopewa jina ambalo wachezaji wenyewe walitumia haipati taabu ya kujua mipaka yake. Kalibu zile zinazoitwa Meneja wa hiki na Mshughulikiaji wa kile, ambazo Fundi asema amezikuta katika kila programu aliyoitwa kuitibu, humeza kila kitu kilicho karibu kwa kuwa jina halizikatazi.

Binti alifungua kompyuta akaanza kuandika hapohapo, na Fundi akamwinamia begani, na Maalimu akavuta mkeka upande wa pili. Mambo yakawa ya ufundi mtupu, nami nisingeyaandika kama Mzee asingekuwa na neno moja zaidi.

MZEE: Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikaa Omani miaka mingi, akarudi na mchezo wao, hawalisi. Safu nne kama zetu, lakini mashimo ni saba saba, na kila shimo huanza na kete mbili. Jumla 56. Huo ubao wako usiojua mchezo, huo nao utauchukua?

BINTI: Utauchukua, babu. Namwandikia Mwamuzi wa tatu tu.

FUNDI: Namba 8 umeiandika mahali pangapi?

BINTI: Mahali pamoja. Labda pawili.

Akaiamuru kompyuta itafute, nayo ikamletea 23. Wakaanza kuzipitia: ya kwanza ilikuwa urefu wa safu, ya pili vilevile, ya tatu ilikuwa nafasi baina ya shimo na shimo katika picha, ya nne yeye mwenyewe hakukumbuka aliitia kwa sababu gani, na Maalimu alipomwambia aifute aone kitakachotokea, mashimo yote ya safu ya nyuma yalitoweka. Walipofika ya kumi na moja jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya paa la jirani. Mzee, aliyechoka kungoja, alikuwa ameuweka ubao wake wa mti juu ya mkeka na kuupanga pande zote mbili, sita, mbili, mbili, akanisukumia komwe zangu 22, na kwa kidevu akanionyesha mahali pa kukaa.